LUKU inakwisha haraka? Mwongozo kamili wa kupata unafuu wa umeme Mbeya, Iringa na Njombe

Mwezi wa sita, saa moja asubuhi, Uyole bado imefunikwa na ukungu. Kina mama wawili wamesimama mbele ya kibanda changu cha kuuza LUKU, kila mmoja na noti ya elfu tano mkononi. Wa kwanza anataja namba ya mita, token inaingia: uniti 41. Wa pili, jirani yake wa nyumba ya tatu, anataja ya kwake: uniti 14. Pesa ileile, siku ileile, nguzo ileile ya umeme. Wa pili ananitazama kama nimemwibia. "Mwanangu, hebu angalia vizuri."

Niliangalia, na hakukuwa na kosa. Zile uniti 27 za tofauti ndizo unafuu mkubwa kuliko wote ambao serikali inampa mtu wa matumizi madogo ya umeme, na yule mama alistahili kuupata. Hakujua kama upo. Wengi wanaokuja kibandani wanangoja redio itangaze kwamba kuna fomu ya kujaza ili mtu apewe pesa ya umeme. Fomu hiyo haipo. Unafuu wa kwetu umo ndani ya bei yenyewe, ndani ya makato na ndani ya gharama ya kuvutiwa umeme, na asiyeuliza unampita miaka na miaka.

Kwa hiyo tuanze na kile ulicho nacho tayari kwenye simu.

Soma risiti kabla ya kwenda ofisini

Fungua meseji yako ya mwisho ya LUKU. Usiangalie token peke yake, shuka mpaka chini kwenye zile namba ambazo hakuna anayezisoma. Risiti ya sh. 10,000 isiyo na deni wala kodi ya jengo, kwa mteja wa T1, inakuwa hivi:

Umeme wenyewe: 8,196.72
VAT 18%: 1,475.41
EWURA 1%: 81.97
REA 3%: 245.90
Uniti: 28.1

Chukua ile 8,196.72 ugawanye kwa uniti ulizopata. Inakuja 292 na kitu. Hiyo ni bei ya T1, daraja la matumizi ya kawaida. Ukipata 100, wewe uko D1, daraja la matumizi madogo ya nyumbani, na sehemu inayofuata unaweza kuiruka. Asiyependa hesabu ndefu agawanye pesa yote aliyolipa kwa uniti: T1 inakuja kama 356, D1 inakuja 122. Bei hizi ndizo zilizoanza 1 Aprili 2016 kwa agizo la EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na mahesabu yote humu nimeyafanya kwa VAT ya 18%.

Ukipata namba isiyofanana na hizo, kuna mambo matatu ya kushuku: umekatwa kodi ya jengo, kuna deni la zamani linalokatwa kidogokidogo, au uko D1 lakini mwezi huu umeshavuka uniti 75. Yote yanaonekana kwenye meseji ukitulia.

Ile asilimia 3 ya REA, wakala wa umeme vijijini, kwa wanaoinung'unikia, ndiyo inayosaidia kupeleka nguzo vijijini. Kama una shangazi Makete au Busokelo aliyepata umeme miaka hii, nawe umemchangia.

D1: uniti ya shilingi 100

Daraja hili ni la mteja wa nyumbani, mwenye umeme wa njia moja (ule wa kawaida wa majumbani), ambaye matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi. Uniti 75 za kwanza ni sh. 100 kila moja kabla ya makato. Ukivuka hapo, kila uniti ya ziada ndani ya mwezi huo ni sh. 350.

Kwa mwezi mzima, uniti 75 kwa D1 ni sh. 9,150, makato yote yamo. Uniti hizohizo kwa T1 ni sh. 26,718. Tofauti ni sh. 17,568 kila mwezi, yaani zaidi ya laki mbili kwa mwaka. Mkulima wa viazi wa Isyonje anajua laki mbili ni mifuko mingapi ya mbolea.

Namna ya kuomba:

Kwanza jumlisha uniti ulizonunua miezi mitatu iliyopita, moja baada ya nyingine, kutoka kwenye meseji. Ukiwa umezifuta, uliza kwa wakala wako au TANESCO; historia ya manunuzi ya mita yako wanayo. Jumla ikizidi 225, bado hujafika. Nenda kwanza kwenye sehemu ya baridi hapa chini, punguza matumizi kwa miezi michache, ndipo urudi.

Pili, nenda ofisi ya TANESCO ya wilaya yako na namba ya mita (tarakimu 11), kitambulisho na risiti zako. Anayeishi mbali apige 180. Usiende kulalamika kwamba umeme ni ghali, kwa maana hilo wanalisikia toka asubuhi. Sema moja kwa moja: "Naomba kuhamishiwa D1, matumizi yangu ni chini ya uniti 75, mita ni ya nyumba ya kuishi." Omba namba ya taarifa uliyofungua uiandike mahali.

Tatu, ukiambiwa tayari, usinunue ya elfu kumi. Nunua ya elfu moja tu. Ikija uniti 8.2, umehamishwa. Ikija 2.8, rudi na ile namba ya taarifa. Jaribio hili lifanye baada ya kodi ya jengo ya mwezi huo kuwa imeshakatwa, la sivyo elfu moja yako itamezwa yote na utadhani mita imeharibika.

Jihadhari na vishoka. Kuna watu hupita mitaani, Ilomba huko na Nzovwe, wakisema watakuingiza D1 kwa elfu ishirini. Katika miaka yote ya kibanda hiki sijaona hata mteja mmoja mwenye risiti ya serikali ya kubadilishiwa tarifu, yaani daraja la bei. Malipo yoyote halali ya serikali huja na kontroli namba. Mtu akikutajia namba yake ya simu, mpe kisogo.

Mtego wa uniti 75

Hapa ndipo watu wa D1 wanapoumia bila kujua. Mfumo hauhesabu umeme uliowasha, unahesabu ulionunua ndani ya mwezi. Mzee mmoja alikuwa anasafiri kwenda Kyela kwa wiki tano kuangalia mpunga, akataka aiachie familia umeme wa kutosha. Akanunua wa sh. 20,000 mara moja. Tuuhesabu pamoja: sh. 9,150 za kwanza zilimpa uniti 75. Zilizobaki, sh. 10,850, zikaingia kwenye bei ya 350, ambayo na makato yake ni sh. 427 kwa uniti, zikampa uniti 25. Jumla 100. Angenunua elfu kumi tarehe 28 na elfu kumi nyingine tarehe 1 ya mwezi uliofuata, angepata uniti 77 mara mbili, yaani 154. Uniti 54 zilipotea kwa sababu ya siku tatu.

Kwa hiyo mtu wa D1 hawekezi umeme. Ananunua wa mwezi huu, na mwezi ukigeuka ananunua tena.

Lakini pia usiogope kupita kiasi. Nimeona watu wanakaa gizani tarehe 27 wakingoja mwezi ugeuke, eti wasiguse hiyo 350. Ukivuka kidogo, tuseme uniti 80, umelipa sh. 11,285, wakati mwenzako wa T1 kwa uniti hizo analipa zaidi ya elfu 28. Kwa hesabu tupu, D1 yenye ziada inabaki nafuu kuliko T1 mpaka unapofika kama uniti 323 kwa mwezi. Hatari haiko kwenye mwezi mmoja wa msiba au harusi. Iko kwenye mazoea: ikionekana matumizi yako yamezoea kupita 75, unahamishiwa T1, na kurudi ni safari.

Mita moja, wapangaji watano

Nyumba nyingi za Soweto, Mwanjelwa, Kihesa na Mlandege ziko hivi: mita moja ukutani, vyumba vitano, mchango wa LUKU unaoleta ugomvi kila wiki. Kila chumba kinatumia kidogo, tuseme uniti 30 kwa wastani, lakini mita haijui kuna vyumba. Inaona uniti 150 na kuwaweka wote T1. Kwa mwezi wanalipa sh. 53,436. Kila chumba kingekuwa na mita yake ya D1, wote kwa pamoja wangelipa sh. 18,300.

Sasa, mita mpya mjini si bure. Kuunganishiwa njia moja bila kuhitaji nguzo, ndani ya mita 30, ni sh. 320,960. Mpangaji mmoja akijivutia mita ya kwake anaokoa kama sh. 7,000 kwa mwezi, kwa hiyo itamchukua karibu miaka minne kurudisha pesa yake, na mwenye nyumba anaweza kumwondoa mwaka wa pili. Mimi simshauri.

Kwa mwenye nyumba ni hesabu nyingine kabisa, na hapa ningependa wenye nyumba wasome mara mbili. Huhitaji mita tano. Mita ya pili moja tu, ikagawana vyumba na ya kwanza, inaleta kama uniti 75 kila upande, mkigawa vyumba kwa kuangalia matumizi. Mnarudi kwenye sh. 18,300. Akiba ni sh. 35,136 kwa mwezi, na mita hiyo imejilipa kwa miezi tisa au kumi, ukiacha gharama ya fundi kutenganisha waya. Mtakuwa mnatembea ukingoni, ndiyo. Pasi moja ya ziada inawavusha. Lakini hata mkivuka uniti kumi, bado mko mbali na elfu 53.

Fundi awe mwenye leseni ya EWURA, maana fomu ya kuombea mita inahitaji mkandarasi anayetambulika. Maombi yanapokelewa ofisini au kwa NIKONEKT, ile huduma ya TANESCO ya kwenye simu, kupitia *152*00# au programu yake.

Zile mita ndogo ambazo mafundi wanaziuza za kufunga kila chumba zinasaidia kujua nani katumia nini. Haziwabadilishii tarifu. Zinapunguza ugomvi, bei inabaki palepale.

Kodi ya jengo: nani hasa anatakiwa kuilipa

Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Ilianza na sh. 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka wa fedha 2023/24 ikapanda mpaka sh. 1,500. Ghorofa ni sh. 7,500 kwa kila sakafu kwa mwezi. Usiponunua mwezi mmoja haisamehewi, unaikuta imejikusanya.

Mdaiwa wa kodi hii ni mwenye jengo. Mpangaji anakatwa kwa sababu yeye ndiye mwenye simu mkononi, basi. Tunza meseji zenye makato hayo, na siku ya kulipa kodi ya chumba kaa na mwenye nyumba: "Mzee, kwenye LUKU nimekulipia elfu kumi na nane mwaka huu, tuitoe hapa." Wengi wanakubali wakioneshwa. Wanaokataa ni wale wanaosikia habari hii bila karatasi.

Nyumba yenye mita mbili au tatu inatakiwa kukatwa kwenye mita moja tu. Ukiona zote zinakatwa, peleka namba za mita zote kwa ofisi inayosimamia kodi ya jengo waifute ile ya ziada. Kuna msamaha pia: mzee wa miaka 60 na kuendelea, au mtu mwenye ulemavu, asiye na kipato, kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Hauji wenyewe, lazima uombwe. Kila mwisho wa mwezi nawahudumia wazee ambao wangestahili kuwa wameshauomba, na kila mara nawaambia, na kila mara wananijibu kwamba elfu moja mia tano si hoja. Kwa mwaka ni uniti 147 za D1. Ni miezi miwili ya umeme.

Baridi ndiyo inayokula umeme wetu

Miongozo ya Dar inaongelea feni na viyoyozi. Huku kwetu adui ni maji ya kuoga. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane, wateja wangu wa Forest na Uyole wanahama D1 mmoja mmoja kama ndege, na karibu wote wamefunga shawa ya umeme.

Shawa hizi nyingi huvuta kama wati 5,000. Dakika kumi za kuoga ni uniti 0.83. Watu wanne, kila mmoja mara moja kwa siku, ni uniti 3.3, na kwa mwezi ni 100. Uniti mia kwa kuoga tu. Hata ukizima taa zote na kuuza televisheni, D1 umeshaiaga.

Ndoo ile ya mama zetu ina akili zaidi. Kupasha lita 15 za maji kutoka nyuzijoto 15 hadi 40 kunahitaji karibu uniti 0.44, nusu ya shawa. Ukiyachemshia kwenye jiko la gesi wakati unamalizia chai, umeme haukuguswa kabisa. Mwenye uwezo afunge tanki la maji la sola juu ya paa. Jua letu la Juni ni kali saa saba mchana hata kama asubuhi meno yanagongana.

Vingine kwa haraka: pasi ya wati 1,000 kwa saa moja ni uniti moja, kwa hiyo piga pasi nguo za wiki kwa mkupuo. Birika la umeme lichemshe vikombe unavyokunywa, si lita mbili za kuacha zipoe. Hita za chumbani za wati 2,000 ni uniti mbili kila saa. Sina la kuzitetea. Jiko la umeme la presha ni kinyume na watu wanavyodhani: ni la wati 1,000 hivi, lakini likishapata presha hujizima na kujiwasha lenyewe, kwa hiyo maharage ya saa nzima hayafiki uniti moja.

Halafu pima mita yako. Zima kila kitu, chomoa hata chaja, kisha simama mbele ya mita. Kitaa chekundu kikiendelea kupepesa, kuna umeme unakwenda mahali. Inaweza kuwa waya uliochunika unavuja, inaweza kuwa jirani amejiunganisha. Usoni mwa mita pameandikwa kitu kama 1600 imp/kWh: maana yake kupepesa mara 1,600 ni uniti moja. Washa friji peke yake, hesabu kwa dakika kumi, na utaijua friji yako kuliko aliyekuuzia.

Biashara ndogo

Niseme ukweli, kwa mwenye saluni, chipsi au karakana ya kuchomelea, serikali haijaweka bei ya huruma. Biashara iko T1, sh. 292, sawa na nyumba kubwa ya Forest. Unafuu unaopatikana ni wa kupanga mambo.

Kosa la kwanza nimelifanya mwenyewe. Nilivuta waya kutoka nyumbani mpaka kibandani nikaweka friji la soda. Nyumba ilikuwa inatumia uniti 60, friji likaongeza 70, na baada ya miezi michache nikajikuta T1 kwa vyote viwili. Kwa mwezi nikawa nalipa kama sh. 46,300. Ningetenganisha, nyumba ingebaki D1 kwa sh. 7,320 na friji lingelipa T1 yake sh. 24,937. Ni sh. 14,000 kila mwezi nilizitupa, tena karibu mwaka na nusu. Mita ya pili inajilipa kwa takriban miaka miwili, kwa hiyo inafaa kama kibanda ni chako au mkataba ni mrefu. Kama unahamahama, liache friji, uza soda za baridi ya Mbeya. Mwezi wa saba hakuna anayeuliza kama ni ya friji.

Mwenye mashine ya kusaga au ya mbao, Mafinga kwa mfano, atasikia habari za T2. Nishati yake ni sh. 195 kwa uniti, inavutia. Lakini ni ya anayepita uniti 7,500 kwa mwezi, na ina malipo ya mahitaji ya juu ya sh. 15,004 kwa kila kVA (kipimo cha ukubwa wa umeme unaouvuta kwa wakati mmoja), pamoja na sh. 14,233 za huduma. Mashine inayovuta kVA 30 na kutumia uniti 2,000 tu ingelipa kama sh. 854,000 kwa T2, wakati T1 ni sh. 584,000, kabla ya VAT na makato mengine. Ikifika uniti 7,500 mambo yanageuka: T2 sh. milioni 1.93, T1 milioni 2.19. Kwa wasagaji wengi wa mitaani, kaeni T1 na mkusanye debe za kutosha kabla ya kuwasha. Mota inayozunguka bila mahindi inalipa umeme wa hewa.

Fedha ya kubadilisha mashine chakavu inapatikana halmashauri. Kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi 2024. Inatolewa kwa vikundi, na mlango wake ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikundi kinachoandika "tunaomba mtaji" kinachelewa. Kinachoandika "mashine ya kuchomelea ya inverta, badala ya ile ya koili, na hizi hapa risiti zetu za LUKU za miezi sita" kinasomwa.

Kijijini: kuvutiwa umeme na gesi ya nusu bei

Kijijini kuunganishwa ni sh. 27,000, pamoja na VAT, kwa mwenye nyumba iliyo ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo. Ukilinganisha na ile laki tatu na ishirini ya mjini, unaona ruzuku iko wapi. Swali gumu ni nyaya za ndani, ambazo ni juu yako. Kwa nyumba ndogo ya chumba na sebule uliza UMETA, kifaa kidogo chenye soketi na swichi zake tayari, ambacho kinamwokoa mtu na gharama ya kusuka nyaya nyumba nzima. Na kwa kuwa nyumba za vijijini ni za matumizi madogo, hakikisha toka siku ya kwanza umewekwa D1. Ile elfu moja ya kwanza ikileta 2.8, usisubiri.

Walio Mufindi kwenye laini ya Mwenga, au Ludewa kwenye ule umeme wa maji wa Mawengi, madaraja haya ya TANESCO msiyatumie kama kipimo. Bei yenu ulizeni kwa mwendeshaji wa mradi.

Gesi: REA imekuwa ikisambaza wilayani mitungi ya kilo 6 pamoja na jiko lake kwa nusu bei, ndani ya mpango wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Nenda na kitambulisho cha NIDA, kwa kuwa kila mtu anaandikishwa, na idadi ya kila wilaya ina ukomo. Habari ya siku ya kugawa hupitia kwa mwenyekiti wa kijiji. Nusu bei ni ya mtungi wa kwanza. Kujaza unajaza kwa bei ya dukani, kwa hiyo kabla ya kushangilia uliza gesi inajazwa wapi karibu na kwenu. Mtungi mtupu uliofunikwa kitambaa sebuleni nimeuona katika nyumba zaidi ya moja.

Ukikataliwa au ukizungushwa

Anza na aliyekuhudumia, kwa maandishi. Barua haihitaji Kiswahili cha mahakamani:

"Meneja, TANESCO, Wilaya ya ___. Mimi ni mteja mwenye mita namba ___, nyumba ya kuishi, njia moja. Miezi ya Machi, Aprili na Mei nimenunua uniti 61, 58 na 66, risiti zimeambatanishwa. Niliomba kuhamishiwa D1 tarehe ___, taarifa namba ___. Mpaka leo elfu moja inanipa uniti 2.8. Naomba nihamishwe, na kama sistahili naomba nijibiwe sababu kwa maandishi."

Hilo ombi la mwisho ndilo linalofanya kazi. Ni rahisi kumwambia mtu "njoo kesho" kwa mdomo, ni kazi kuiandika.

Ikikaa bila majibu, nenda EWURA. Wana ofisi ya kanda Mbeya, na simu yao ya bure ni 0800110030. Kabla ya kufungua lalamiko rasmi unaweza kupitia EWURA CCC, baraza la watumiaji wa huduma za nishati na maji, ambalo kazi yake ni kumsemea mteja. EWURA watakachouliza kwanza ni kama ulilalamika TANESCO na una ushahidi gani, ndiyo maana barua inatangulia. Asiyeridhika na uamuzi wa EWURA anakata rufaa Baraza la Ushindani.

Kwa mita za nyumbani sijaona mteja wangu yeyote akifika huko. Wengi humalizana kwenye ile barua ya kwanza, hasa kama walikwenda na nakala mbili, ya pili ikagongwa muhuri wa kupokelewa na kurudi nayo nyumbani.